Kitabu cha Lishe Kisichouzwa

Safari hii hatuwaletei kitabu cha sala wala maisha ya mtakatifu. Twawaletea kitabu cha shule, tena cha universite, kinachofundisha habari za chakula. Jina lake ni Human Nutrition, yaani Lishe ya Binadamu. Kilitengenezwa na walimu wa Universite ya Hawaii kule Manoa, katika mji wa Honolulu, kikatoka mwaka 2018, na toleo la pili likafuata mwaka 2020. Kitabu hicho hakiuzwi. Mwenye kukitaka hukichukua katika intaneti bila kulipa hata faranga moja, na tena ana ruhusa ya kukichapa, kukigawa na kukibadili.

Kwa nini kusema juu yake katika gazeti la parokia? Kwa sababu kati yetu wako wazazi walio na watoto katika vyuo vya wauguzi, wako masista wanaoongoza vituo vya afya, wako walimu wanaotafuta vitabu wasivipate. Watu hao wanasikia siku hizi sifa za vitabu vya wazi, na wengine wanatuuliza kama ni vitu vya kuaminiwa. Wako wanaovidharau mara moja, wakisema kitu cha bure hakiwezi kuwa kizuri. Wako wanaovisifu bila kuvifungua. Sisi tumekifungua hiki, tumekisoma tukiwa na subira, na twapenda kusema wazi kilicho chema ndani yake na kilicho na upungufu. Sisi si waganga. Lakini kusoma tunajua, na kupima maneno ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Hawaii ni visiwa katikati ya bahari ya Pasifiki, na tangu mwaka 1959 ni mmoja wa majimbo ya Marekani. Wakatoliki hawavisahau visiwa hivyo, maana ndiko alikofika mwaka 1864 kijana Mbelgiji, Damiaan De Veuster, akapewa upadri huko huko Honolulu, kisha mwaka 1873 akaenda kukaa na wakoma wa Molokai mpaka kufa kwake mwaka 1889. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Haya tunayataja njiani tu, ili msomaji ajue kwamba nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu.

Sasa, walimu wa Manoa walikuwa na taabu gani hata wakaamua kujitengenezea kitabu? Taabu ya kwanza ni bei. Katika Marekani mwanafunzi wa universite hununua vitabu vyake mwenyewe, na bei yake si ya mchezo. Ofisi ya serikali yao inayopima bei za vitu ilihesabu kwamba tangu mwaka 2006 hata mwaka 2016 bei ya vitabu vya vyuo ilipanda kwa asilimia 88. Katika jimbo la Florida wanafunzi waliulizwa mwaka 2018, na karibu 64 katika kila 100 walijibu kwamba iliwahi kutokea wasinunue kitabu kilichotakiwa kwa ajili ya bei. Msomaji wa Bukavu au wa Kalemie atashangaa: kumbe hata kule kwa matajiri mwanafunzi huketi darasani mikono mitupu! Ndivyo ilivyo. Tofauti ni kwamba wao wanakosa kitabu kwa kuwa bei imewazidi, na sisi mara nyingi tunakosa hata duka la kukiuza.

Taabu ya pili ni ya namna nyingine, na kwetu ndiyo yenye maana zaidi. Vitabu vya lishe vinavyouzwa huko Marekani hutungwa kwa ajili ya nchi nzima, na mifano yake ni ya vyakula vya bara. Mwanafunzi wa Hawaii amelelewa kwa majimbi, ambayo sisi wengine huita mateke, na kwa samaki, na kwa wali. Akisoma kitabu kisichotaja chakula cha mama yake, atafikiri kwamba sayansi inahusu watu wengine. Walimu wa Manoa, akina Marie Kainoa Fialkowski Revilla na Alan Titchenal pamoja na wenzao, waliona hivyo, wakatia vyakula vya visiwa na vya Pasifiki ndani ya kitabu. Tena kila sura imefunguliwa kwa methali ya wazee wa Hawaii, katika lugha yao, pamoja na maana yake. Jambo hilo lilitupendeza kuliko yote. Mwalimu wa kemia ya chakula aliyeanza kwa neno la wazee ameonyesha kwamba hamdharau mwanafunzi wake.

Lazima sasa tueleze ile ruhusa, kwa kuwa ndiyo inayokitenga kitabu hiki na vingine. Kwa kawaida kitabu ni mali ya mtungaji na ya mchapaji. Anayekinakili kizima bila idhini yao anawadhulumu. Tuseme ukweli: katika vyuo vyetu jambo hilo limekuwa desturi. Kitabu kimoja hufika kutoka Ulaya, kinapelekwa kwenye fotokopi, na baada ya juma moja darasa zima linacho. Mwalimu anajua, mkubwa wa chuo anajua, na hakuna anayejiuliza habari ya amri ya saba. Hatutaki kuwatia watu mzigo mzito. Maskini anayetafuta elimu hana hatia sawa na mwizi wa sokoni, na Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikumbusha kwamba mali za dunia zimewekwa kwa ajili ya watu wote. Hata hivyo si vizuri kumzoeza mwuguzi wa kesho kwamba jasho la mwenzake halina bei.

Vitabu vya wazi vimeliondoa fundo hilo kwa namna iliyo rahisi. Mwaka 2001 lilianzishwa Marekani shirika liitwalo Creative Commons, na mwaka uliofuata likatoa hati za ruhusa. Mtungaji anayetia hati hiyo katika kazi yake anasema mbele ya watu wote: nakilini, gaweni, na (kama hati yake inaruhusu) badilini na kufasiri, ila tajeni jina langu. Wengine huongeza sharti, kwamba asiwepo wa kuiuza. Basi, mwanafunzi anayechapa kitabu cha Manoa haibi kitu. Amepewa. Bwana wetu aliwatuma mitume wasidai malipo kwa kile walichokipata bila malipo, na twafikiri walimu hao, wawe waumini wasiwe, wamelifuata agizo hilo kwa upande wa elimu. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa pendekezo kwa serikali zote za dunia juu ya vitabu na masomo ya namna hiyo, kusudi ziyasaidie.

Wako wanaouliza: je, aliyetoa bure leo hawezi kukinyang'anya kesho? Swali ni la busara, na historia ya kitabu hiki yenyewe inalijibu. Walimu wa Manoa hawakuanza kwenye karatasi tupu. Walichukua kitabu kingine cha wazi, cha Maureen Zimmerman na Beth Snow, kilichotoka mwaka 2012, wakakipunguza, wakakiongeza, wakakigeuza kiwafae. Mchapaji wa kitabu kile cha kwanza, Flat World Knowledge, alikuwa anawapa watu vitabu vyake bure katika intaneti. Mwanzoni mwa mwaka 2013 akaacha, akaanza kudai malipo. Lakini nakala zilizokuwa zimekwisha kutoka zikiwa na hati ya ruhusa hazikurudi. Ruhusa ile haifutiki kwa walioipokea. Ndiyo maana kazi ya Zimmerman na Snow iliendelea kuishi mikononi mwa wengine, ikavuka bahari mpaka visiwani. Hatuna la kumlaumu mchapaji. Naye ana wafanyakazi wa kulipa. Twataka tu kuonyesha kwamba kipawa hiki, kikisha kutolewa, ni kipawa kweli.

Tuingie sasa ndani ya kitabu. Kina sura 18. Zinaeleza mwili na viungo vyake, maji, wanga, mafuta, protini, vitamini na madini, kisha maisha ya mtu tangu mimba hata uzee, na usalama wa chakula. Pombe imepewa sura yake yenyewe, jambo tunalolipongeza. Humo mwanafunzi anajifunza kwamba gramu moja ya pombe ina kalori 7, wakati wanga na protini zina 4 na mafuta 9, na hata hivyo pombe hailishi mwili. Wababa wanaosema bia ni chakula wangepaswa kuisoma sura hiyo.

Lugha yake ni nyepesi. Aliyemaliza sekondari na kujua Kiingereza atafuata bila taabu kubwa. Sura ya protini, kwa mfano, inaeleza vizuri kwamba protini hujengwa na asidi-amino 20, na kwamba 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, sharti zitoke katika chakula. Nafaka zina upungufu wa moja, maharagwe yana upungufu wa nyingine, na mtu akila vyote viwili, kimoja kinaziba pengo la kingine. Mama zetu wanaopika mahindi pamoja na maharagwe walikwisha kulijua jambo hilo bila kitabu. Lakini ni vema mwuguzi ajue sababu yake, ili asiwacheke.

Hapo hapo, hata hivyo, tumeona udhaifu wa kwanza. Sura hiyo hiyo inagusa ugonjwa wa kwashiorkor, na kuupita upesi. Kwa mwanafunzi wa Honolulu hiyo yatosha. Hatauona ugonjwa huo wodini mwake, ila kwa nadra sana. Ataona kisukari, ataona unene, ataona moyo uliochoka, na kitabu kinayaeleza hayo kwa urefu. Kwetu Kivu ugonjwa huo una jina la kienyeji, bwaki, na kila mama wa Bushi anajua sura ya mtoto aliyevimba miguu, nywele zikageuka rangi. Jina kwashiorkor lenyewe ni la Afrika: daktari Cicely Williams alilisikia kwa Waga wa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, na kuliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Chuo cha Kongo kikichukua kitabu cha Manoa jinsi kilivyo, wanafunzi wake watayajua zaidi magonjwa ya wageni kuliko ya jirani zao.

Mfano ulio bora zaidi ni madini ya iodini. Kitabu kinafundisha kwamba mwili unahitaji iodini kidogo sana, mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, ili tezi ya shingo ifanye kazi. Ikikosekana tezi huvimba, ndilo rovu, na mtoto aliye tumboni aweza kuzaliwa akili yake imedumaa. Yote ni kweli. Wenyeji wa visiwa vya bahari wana samaki na mwani, vyakula vyenye iodini. Lakini sisi tuna kisiwa kingine, Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, na kisiwa hicho kimewafundisha waganga wa dunia jambo ambalo bahari haikuweza kuwafundisha. Tangu miaka ya 1960 wachunguzi Wabelgiji, mmoja wao akiwa daktari François Delange, walipima watu wa Idjwi. Wakaona iodini ni haba kisiwa kizima, ila rovu lilikuwa jingi mno upande wa kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa chache. Kwa nini? Iodini peke yake haikuweza kujibu. Jibu likapatikana katika muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kingine, thiosianati, na hicho huizuia tezi kunyonya iodini. Mtu mwenye iodini ya kutosha anavumilia. Mtu mwenye iodini haba, akila muhogo mwingi usiolowekwa vizuri, anaota rovu.

Tena sumu hiyo hiyo ndiyo inayoleta konzo, ugonjwa wa Kwango ulioandikwa na daktari Trolli mwaka 1938, unaopooza miguu ya watoto na ya mama kwa ghafula, bila kupona. Hupata watu waliokula muhogo mchungu ulioharakishwa, wakati hawana samaki, nyama wala maharagwe ya kuusindikiza. Katika njaa na vita mama hana siku tatu au nne za kungoja muhogo ulowe majini. Anaukata siku, na miguu ya mtoto inalipa.

Twauliza basi: je, mwuguzi wa Kongo aweza kuitwa mjuzi wa lishe kama hakufundishwa muhogo? Na mwalimu wa Hawaii aweza kulaumiwa kwa kutouandika muhogo wetu kwa urefu? La, kwa maswali yote mawili. Yeye aliandika majimbi yake. Wa kuandika muhogo, sombe, mawese na sambaza wa ziwani ni sisi. Na hapa ndipo ruhusa ya kubadili inapokuwa na thamani kupita ile ya kutolipa. Kitabu cha kuuzwa, hata kikitolewa zawadi na wafadhili, hakiruhusu mtu kuongeza ukurasa juu ya Idjwi. Hiki kinaruhusu.

Udhaifu wa pili ni vipimo na sheria. Kitabu kinafuata mashauri ya serikali ya Marekani: sahani yao ya mwaka 2011 yenye mafungu ya vyakula na kikombe cha maziwa pembeni, vipimo vyao vya aunsi na vikombe, na karatasi ya kusoma iliyobandikwa kwenye kopo la dukani. Mama anayenunua unga kwa kipimo cha sokoni hana karatasi ya kusoma. Zaidi ya hayo, mashauri hayo hutengenezwa upya kila miaka 5. Kitabu cha kuuzwa hupata toleo jipya kwa sababu mchapaji anatafuta faida. Kitabu cha bure hupata toleo jipya kama mtu mwenye moyo amepatikana. Mwenye kukichukua leo na atazame vizuri tarehe zake, na kila palipotajwa shauri la serikali alilinganishe na lililo jipya.

Udhaifu wa tatu unatuhusu sana sisi wa nchi isiyo na umeme wa hakika. Toleo la mwaka 2020 limetiwa mazoezi ya kujipima, mwanafunzi anajibu kwenye kioo na kuonyeshwa kosa lake. Ni kitu kizuri. Ila mazoezi hayo hupatikana kwenye intaneti tu. Anayepakua kitabu ili akichape hayapati. Basi aliye na telefoni nzuri na megabaiti za kutosha anapata kitabu kizima, na aliye na karatasi anapata kitabu kilichopunguzwa. Bure ya mmoja si bure ya mwingine. Kuchapa nako kuna gharama ya wino na karatasi, na hati ya ruhusa hailipi wino.

Je, wanafunzi hujifunza vizuri zaidi kwa vitabu hivi? Wengi hudai hivyo kwa kelele nyingi, kwa hiyo tuangalie. Katika Universite ya Georgia, Marekani, walichunguzwa wanafunzi 21,822, wa kabla na wa baada ya walimu kuacha vitabu vya kuuzwa na kutumia vya wazi vya OpenStax, wachapaji wa Universite ya Rice. Habari hiyo ilitoka mwaka 2018. Alama zilipanda, walioanguka au kuacha somo walipungua, na waliofaidika zaidi ni wale wanaosaidiwa na serikali kwa ajili ya umaskini wao. Wengine wakaonya, mwaka 2019, kwamba kitabu cha bure hakiwezi kumfaidia yule aliyekuwa na kitabu tangu zamani; chamfaidia yule asiyekuwa nacho. Twaona maneno haya ya pili ni ya akili. Kitabu cha wazi si dawa ya uvivu wala hakimgeuzi mwalimu mbaya. Kinampa mtu kitabu, basi. Lakini katika darasa letu, ambamo pengine mwalimu pekee ndiye mwenye kitabu, naye anakisoma kwa sauti na wengine wanaandika mpaka mkono unauma, kumpa kila mtu kitabu si jambo dogo hata kidogo. Saa zile za kuandika zingekuwa saa za kuuliza na kujibu.

Imebaki lugha. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kifaransa, na kitabu ni cha Kiingereza. Mwuguzi akitoka darasani anasema na mama kwa Kiswahili, au kwa Kimashi, au kwa Kinande. Tafsiri imeruhusiwa, lakini haijifanyi. Tunajua mashine za intaneti hufasiri upesi, na tumeona zinavyochanganya maneno ya mwili na ya ugonjwa. Katika kipimo cha dawa ya mtoto au cha unga wa uji kosa la neno moja laweza kudhuru. Afasiri mtu, na mganga asome nyuma yake.

Kwa maoni yetu, chuo kinachotaka kuanza kisikimbilie sura zote 18. Kianze na ile ya madini yatakiwayo kidogo, ambamo iodini imo, kwa kuwa ndiyo fupi ya kushika na ndiyo inayotuhusu. Kiondoe karatasi za makopo ya Marekani, kitie Idjwi, kitie muhogo na namna ya kuuloweka kama mama wa mahali wanavyojua, kitie chumvi yenye iodini na jinsi ya kuitunza isipoteze nguvu kwa jua na unyevu. Mahali pa methali ya Hawaii iwekwe ya kwetu, iliyoulizwa kwa wazee. Majina ya watungaji wa Manoa yabaki mbele, kama ruhusa inavyodai na haki inavyotaka, na ya waliogeuza yafuate chini yake pamoja na mwaka. Kisha sura hiyo ichapwe, ipelekwe kwa wauguzi watatu au wanne wa vituo vya kijijini kabla haijaingia darasani, wao waseme iliposema uongo.